Mkono wa Mkwe Kwenye Ufa wa Jiwe

Vijana wangu, nyinyi mnaotaka kuongoza watu mlimani, jambo la kwanza la kuwauliza wageni wenu si nani ana pumu wala nani ana presha. Hayo ulizeni pia, na muulize kwa sauti ya chini ili mtu asijione ameanikwa mbele ya wenzake. Lakini hapa kwetu Kakamega kuna swali linalotangulia yote: nani kati yenu amemwoa binti wa nani? Chekeni tu. Mimi nililijua swali hili nikiwa nimebanwa ndani ya ufa wa jiwe, mama mzima amekanyaga bega langu, na mvua inanguruma upande wa machweo.

Nimestaafu sasa. Magoti ndiyo yaliyonistaafisha, mimi mwenyewe nilikuwa bado nataka. Hadi leo, Jumamosi asubuhi nikisikia basi linawasha injini kule barabarani, damu inachemka na mke wangu ananiambia, "Kaa chini, Ainea, hilo si lako." Nakaa, lakini roho inakuwa imeshapanda.

Aliyenifunza kazi ni marehemu Mzee Makokha. Enzi zake watu walikuja hapa kutazama ndege msituni, wakitembea polepole mahali tambarare, shingo juu. Haya mambo ya makundi kukodi basi ili waende wakatoke jasho kwa hiari yao yalikuja baadaye, na Makokha aliyashangaa mpaka alipokufa. "Watu wanalipa ili wachoke," alikuwa akisema, "na kwetu watu wanachoka bure." Lakini kuwasoma watu alijua. Aliniambia nisiangalie miguu ya mtu anayepanda, nisikilize pumzi yake. Mtu anayepiga soga huku anapanda bado ana nguvu. Akinyamaza ghafla, usimwulize kama amechoka, kwa sababu atakataa. Simamisha kundi zima, nyosha kidole mtini, sema, "Jamani, mnamwona ndege yule?" Watatafuta, watabishana, watapumua. Nimewaonyesha watu ndege wengi sana ambao hawakuwepo.

Mengine madogo madogo ni haya. Waambie wageni wakate kucha za miguu kabla ya siku ya safari, maana kushuka ndiko kunakoua vidole, si kupanda. Anayekuja na viatu vipya mpe soksi za pili, na mweke karibu nawe. Obusuma, yaani ugali wetu, iliwe jioni mkirudi. Asubuhi ni viazi vitamu vilivyochemshwa, ndizi, na miwa iliyomenywa na kukatwa vipande vya kutosha mdomoni. Msidanganywe na zile chupa za samawati za vinywaji vya kuongeza nguvu. Kipande cha muwa kimewafikisha kileleni watu ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimewakatia tamaa.

Na ngoma? Mniulize kuhusu ngoma! Kuna kamati ya harusi iliyokuja na isukuti, ngoma nzima imening'inia begani mwa kijana mmoja. Nilitaka kuikataza, Makokha akasema mwache. Kijana akawa anapiga taratibu, na kundi lote likashika mwendo huohuo bila mtu kuambiwa kimbia wala ngoja. Sijawahi kuona kundi limepanda vizuri vile. Shida ni kwamba tulipofika juu alipandwa na mori akapiga ile ya harusini, watu wakacheza mpaka miguu ikaisha, na kushuka ikawa ni kushikana mashati. Kwa hiyo ngoma ipande, ila mpigaji anyang'anywe vijiti mnapokaribia kileleni.

Miaka yangu ya mwisho nilifanya kazi na binti anayeitwa Brenda, ambaye alikuwa akitangulia mbele na mimi nafunga nyuma. Simu ya Brenda inajua njia, inajua mlima umebaki kiasi gani, inajua hata mvua itashuka lini. Mwanzoni nilikuwa naikejeli. Halafu ikatuokoa na radi, nikaacha kejeli nikaanza kumwuliza kila asubuhi, "Simu imeamkaje?" Naye alikuwa ananiuliza ni jiwe lipi linateleza likilowa, kwa sababu hilo simu haikulijua. Mchukueni yeye kama mfano, msinichukue mimi.

Sasa nirudi kwenye bega langu.

Tulikuwa na desturi ya kupanga watu wawili wawili. Kila mtu na pacha wake wa njia. Mmoja akipita mahali pabaya, anageuka na kumpa mkono mwenzake. Mmoja akishindwa, wanarudi wote wawili, ili mtu asibaki mlimani peke yake. Na ili kusiwe na kuchaguana, maana watu huchagua marafiki zao na wanene wakabaki wanatazamana, tulitumia vizibo vya soda ndani ya kofia. Mkitoa vizibo vya rangi moja, nyinyi ni pacha. Makokha alikuwa mkali hapo: kizibo hakibadilishwi. Ukiruhusu mmoja abadilishe, kundi zima litabadilisha na jua litawakuta bado mko chini.

Siku hiyo tulikuwa na akina mama wafanyabiashara wa Lubao, pamoja na watoto wao wakubwa na vijana wachache wanaofanya kazi mjini. Walikuwa na shangwe ya ajabu. Basi lilikuwa linaimba kutoka Lubao mpaka tulipoanza kuikaribia miinuko ya Nandi, na mama mmoja alikuwa amevaa raba za mwanawe zilizomzidi, akasema akianguka zitatangulia kumpokea. Dereva wa basi aliitwa Kizito, kijana wa Navakholo, mwenye mabega mapana na maneno machache. Mpango wake ulikuwa kulala ndani ya basi mpaka turudi. Lakini tulipohesabu tukajikuta mtu mmoja hana pacha, wale mama wakamvuta nje. Hakuwa na raba, akavaa gambuti alizokuwa anaweka chini ya kiti kwa ajili ya matope.

Aliyekosa pacha alikuwa Mama Felesia, muuza kuku, mwanamke wa makamo aliyekaa kiti cha nyuma kabisa safari nzima. Kizibo chekundu kwake, chekundu kwa Kizito. Nikaona akina mama wengine wamefunika midomo wanacheka. Mimi nikadhani wanacheka gambuti.

Nitawaambia nyinyi sasa jambo ambalo mimi sikuambiwa. Kizito alikuwa amemwoa binti wa Mama Felesia.

Kwa wasiojua, kwetu mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono. Hawapishani kwenye kijia chembamba, hawakai meza moja, hawatajani majina. Si chuki hata kidogo, ndiyo heshima yenyewe. Na mama haingii nyumba ya mkwe wake mpaka kijana alete zawadi mbele ya mashahidi, ile aibu iondolewe, ndipo wasalimiane kwa mkono kama watu wengine. Kuna familia zimeshaacha mambo haya. Ya Mama Felesia haikuwa imeacha. Na kwa sababu ni heshima, wote wawili walinyamaza. Yeye hakuweza kuniambia mbele ya mkwe, na mkwe hakuweza kuniambia mbele yake. Wenzao nao waliona ni kichekesho cha bure, wakaacha kizibo kifanye kazi yake.

Tukaanza kupanda. Mteremko wa kwanza ni udongo mwekundu na mapera ya porini, unashika shina la mpera unajivuta. Kizito alikuwa mbele sana, uso ameuelekeza porini. Mama Felesia alikuwa nyuma, leso ameivuta mpaka kwenye nyusi. Mimi nikawa napiga kelele, "Pacha wanakaa karibu! Dereva, punguza gia!" Kizito akapunguza hatua mbili, Mama Felesia akasimama kufunga kamba ya kiatu. Akafunga. Akafungua. Akafunga tena. Nilijiambia leo nimepewa watu wawili wenye aibu kuliko wote duniani.

Tulipopumzika nikamkatia muwa, nikamwuliza ni nini kilichomleta mlimani na kuku zake zinamngoja sokoni. Uso wake ukafunguka.

"Mzee, nasikianga ati ukifika huko juu unaona mpaka Navakholo."

"Anga ikiwa safi, unaona."

"Msichana yangu amezaa huko. Mtoto wa kwanza, kasichana. Mimi nimekaona kwa simu tu, kamefunikwa, naona pua peke yake." Akacheka, kisha akatazama chini. "Sijaruhusiwa kuingia. Yule mzee wao wa kuleta zawadi amekuwa mgonjwa, kila mara wanasongesha siku. Sasa nikasema kama siwezi kuingia, si niende juu nione hata mabati."

"Mabati hutayatambua, mama. Utaona miwa."

"Basi nione miwa. Nione hata moshi ya jikoni yake."

Nikamwuliza mkwe wake anafanya kazi gani. Akageuza uso, akasema, "Ni mutu wa gari," akainuka kabla hajamaliza muwa wake. Kutoka hapo nikasema moyoni, huyu mama atafika juu hata nikimbeba. Mkifanya kazi hii mtaona kwamba katika kila kundi kuna mtu mmoja ambaye safari ni yake. Wengine wamekuja kupiga picha. Mtafuteni huyo mmoja mapema.

Karibu na kilele kuna mawe mawili makubwa yaliyoegemeana, na njia inapita katikati kwenye ufa ambao sisi tunauita Mlango. Hakuna kwingine. Unaingia peke yako, unakanyaga kidato kimoja, halafu huna pa kushika, inabidi aliye juu akupe mkono. Brenda alikuwa ameshawapitisha wengine wote. Walikuwa wametangulia kwenye tambarare huko juu, nasikia wanaimba. Kamba alikuwa nayo yeye. Tumebaki watatu: Kizito, Mama Felesia, na mimi nyuma.

Kizito akapanda kwa wepesi ingawa gambuti ziliteleza. Akalala kifudifudi juu ya jiwe, akanyosha mkono chini kama nilivyowafundisha. Mama Felesia akakanyaga kidato, akainua mkono. Mikono ikakaribiana. Halafu, vijana wangu, yote miwili ikarudi kwa mpigo mmoja.

Mama akabaki anayumba. Nikajipenyeza chini yake haraka, nikampa bega, akalikanyaga.

"Kizito!" nikafoka. "Mpe mkono!"

"Mzee, siwezi."

"Huwezi nini? Umeumia?"

"Mkono iko sawa. Ni mama."

"Mama gani?"

"Mama ya bibi yangu."

Nikainua macho. Mama Felesia alikuwa amefumba yake. "Ni ukweli, Mzee," akasema. "Sasa ulikuwa unatupigia kelele ati tukae karibu, tungekaa karibu aje?"

Vicheko vyote vya asubuhi vikanirudia kichwani vikiwa na maana yake. Lakini hapakuwa na wakati. Radi ililia, na jiwe lile likilowa halipandiki. Nikamwita Brenda, nyimbo zikanifunika. Nikasema tutumie leso, mama aishike upande mmoja na kijana avute upande mwingine. Kizito akaruka kama ameonyeshwa nyoka. Nguo ya mama mkwe, aliyojifunga kichwani, aishike yeye? Hiyo ilikuwa mbaya zaidi ya mkono. Fimbo yangu ilikuwa fupi. Kilichobaki kilikuwa kumshusha Mama Felesia polepole na kumrudisha chini, naye angeondoka mlimani bila kuona hata jani la muwa.

"Mama, tunarudi," nikasema.

"Siendi popote." Bega langu lilisikia jinsi alivyokanyaga neno hilo. Kisha akasema kwa sauti ya sokoni, ile ya mtu aliyeshika kuku miguu, "Mzee, muulize huyo kijana ataleta nini."

Sikuelewa.

"Ya kuondoa aibu! Muulize!"

Hapo ndipo nilipopata kazi ambayo Makokha hakunifunza: kuwa ngazi na mshenga kwa wakati mmoja.

"Kizito, mama anauliza utaleta nini."

"Mwambie mama nilikuwa najipanga na brangeti. Na jogoo."

"Anasema blanketi na jogoo."

"Nimesikia, masikio iko. Brangeti gani? Ile nyepesi ya kuona jua?"

"Mwambie ni ile nzito. Ya duka, si ya mtumba."

"Mama, nzito, ya duka. Na tafadhali msikawie, bega hili ni la mzee."

"Ngoja, Mzee. Huyo jogoo asinunuliwe Lubao. Majogoo ya Lubao nayajua yote, mengine nimeuza mimi mwenyewe yakiwa yanaumwa."

Kizito alicheka. Ilimtoka tu, akaziba mdomo. Na mimi chini pale, shingo imepinda, tone la kwanza la mvua limenipiga puani, nikaanza kucheka, na nilipocheka bega likatikisika, Mama Felesia akapiga ukelele, "Mzee! Utaniua kabla ya brangeti!"

"Anauliza shahidi ni nani?" Kizito akasema kutoka juu, ingawa hakuna aliyekuwa ameuliza.

"Shahidi ni huyu ninamkanyaga," akajibu mama. Ndiyo mara ya kwanza kumjibu moja kwa moja, wala hakujua kwamba amefanya hivyo. Akavuta pumzi. Halafu akasema, polepole, jina ambalo hakuwahi kulitamka tangu binti yake aolewe.

"Kizito. Shika mukono."

Sikia, mimi nimepandisha watu wengi. Nimewaona wakilia kileleni, wakiposana, wakimwita Mungu. Sijawahi kusisimka kama dakika ile. Kijana alitupa gambuti, moja ikaanguka karibu na sikio langu. Akalala tena kifudifudi, akanyosha mikono yote miwili, lakini uso alikuwa bado ameupeleka kando kwa heshima.

"Angalia hapa!" mama akamkaripia. "Utashika hewa!"

Akaangalia. Wakatazamana, kwa mara ya kwanza nadhani, na mikono ikashikana, mkono wa muuza kuku na mkono wa dereva. Akavuta. Bega langu likawa jepesi. Nikaona visigino vya Mama Felesia vikipotea juu ya jiwe, nikapiga kelele za furaha peke yangu mle ndani ya ufa mpaka Brenda akaja mbio akidhani nimevunjika.

"Mzee, uko fiti? Nini mbaya?"

"Hakuna mbaya! Nitoe hapa nione!"

Lakini tulipofika kileleni, ole wetu. Mvua ilikuwa imesimama katikati ya nchi mfano wa pazia. Mji ulionekana nusu. Upande wa Navakholo ulikuwa mweupe mtupu, hakuna miwa, hakuna moshi, hakuna kitu. Wale mama waliokuwa wanaimba wakanyamaza, maana wote walijua alichokuja kutafuta. Brenda akaipapasa simu yake, akatikisa kichwa. Mvua hiyo haikuwa ya kuondoka leo. Niliumia sana, sitawaficha. Nilimfikisha mtu wangu juu na hapakuwa na la kumwonyesha.

Kizito alisogea miguu mitupu mpaka karibu na mama mkwe wake, akasimama umbali wa mkono mmoja.

"Mama, pole. Kungekuwa wazi, ningekuonyesha kwetu ni wapi."

Mama Felesia alikuwa ameishusha leso kutoka kichwani, na nywele zake zilikuwa zimelowa. Aliitazama ile mvua kwa muda. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni.

"Kuona kwa mbali ilikuwa ya mtu hawezi kuingia," akasema. "Si umenishika mukono? Si Mzee ameshuhudia? Mimi leo naenda kukaona kwa karibu."

"Leo?"

"Basi ni yako ama si yako?"

Kizito akazunguka lile jiwe huku na huku akitafuta mtandao, simu ameinua juu. Ilipoingia akasahau kuitoa kwenye spika, na sote tukasikia sauti ya mkewe, Everlyne.

"Eve, weka maji ya chai."

"Kuna nini?"

"Mama anakuja."

"Mama nani?"

"Mama yako. Amenipatia mkono. Niko naye hapa."

Tulisikia kiti kikiburutwa, kisha mtoto akalia karibu kabisa na simu, sauti nyembamba yenye hasira, na akina mama wa Lubao wakapiga vigelegele hadi masikio yangu yakaziba. Mama Felesia hakupiga. Alikuwa amefunika mdomo kwa leso, machozi yanatelemka pamoja na mvua, hajaribu kuyazuia.

Chakula kilikuwa bado hakijafunguliwa. Nilipogeuka kumtafuta nimpe viazi, alikuwa ameshashuka Mlango kwa kamba ya Brenda, Kizito anamkimbilia na gambuti mkononi, na mama anatupigia kelele sisi wote kutoka chini ya jiwe: "Mnakaa nini? Duka za brangeti zinafunga!"